Picha za Mtaro

Mwaka 2006, nilipoanza kusimamia miradi ya maji vijijini Kondoa, taarifa ya wiki ilipanda basi. Msimamizi wa eneo aliiandika kwa mkono, akaitia kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta, nasi Dodoma tukaifuata stendi. Masika, barabara ikiwa bado ya vumbi, jibu la swali dogo liliweza kufika mtaro umeshafukiwa.

Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ofisi ilihamia kwenye baruapepe. Mafundi hawakuona tofauti. Baadaye tukaletewa programu ya kusimamia miradi: nywila, fomu, chati za rangi. Watu walijaza, kisha mmoja mmoja wakaacha. Kikaoni ilisemwa kwamba mafundi wanaogopa teknolojia. Nilikataa na bado nakataa. Walijaza fomu wiki hadi wiki na hakuna aliyewajibu. Takwimu zilipanda kwa wakubwa, chini hakikushuka kitu.

WhatsApp haikuletwa na ofisi. Fundi mkuu mmoja, mtu mzima, alipiga picha ya mtaro, futi ya chuma imesimamishwa ndani, namba zinasomeka, akamtumia mhandisi. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo akaongeza sauti, sururu zikigonga nyuma yake: “Mhandisi, habari za kazi. Hapa tumegota mwamba. Tuupasue au tuupite?” Jibu likaja palepale: “Shikamoo mzee. Upiteni kwa kulia, kesho nakuja kupima.” Mafundi wengine wakaomba kuunganishwa, likawa kundi.

Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp ilizimika duniani kote, kwetu kuanzia jioni, saa ambayo picha huingia. Asubuhi yake zilimiminika zote za jana, na hakuna aliyekuwa amezidai.

Hata hivyo kundi hilohilo liliwahi kudorora. Alikuja mhandisi mwingine, hodari wa kazi, ila alisoma na kunyamaza. Tiki za bluu zilionyesha ameona. Picha zikapungua, zikabaki salamu za asubuhi na michango ya rambirambi. Tulizungumza naye, akaanza kujibu, hata kwa neno “sawa” tu, na mitaro ikarudi.

Siku hizi, kabla bomba la kwanza halijashushwa kwenye lori, nataka tukubaliane nani atajibu jioni, na akisafiri nani atashika zamu yake.