Upondo Nilioununua kwa Siri

Katika ndoa yetu ya zaidi ya miaka ishirini nimegombana na mume wangu kwa mambo mengi: ndugu, pesa, simu inayoita saa sita usiku. Lakini ugomvi uliotufikisha mahali pa kulala vyumba mbalimbali haukuwa wa mwanamke wala wa mawifi. Ulikuwa wa fimbo ndefu ya kuoshea madirisha. Cheka tu, nakuruhusu. Na mimi nacheka siku hizi, ila wakati ule, jamani, hata chakula kilikuwa hakipiti.

Tunaishi Reading, mji ulio magharibi ya London. Baba Zuhura ni mtu wa Pangani, mtoto wa mkwezi wa minazi. Alipofika Uingereza mwaka 2006 alianzia kwenye maghala, kupakia na kupakua, usiku kucha. Mwaka 2009 akasema basi, nimechoka kufokewa. Akanunua ngazi, ndoo, kitambaa cha kusugulia na kile kifutio chenye ukingo wa mpira, kama wanachotumia vijana wa vituo vya mafuta kwetu kufutia vioo vya magari. Akawa muosha madirisha.

Usiidharau kazi hiyo. Huku nyumba nyingi ni za ghorofa, na wenyewe hawapandi kuosha madirisha yao. Wanamlipa mtu, anakuja kila baada ya wiki nne, sita au nane. Ukishapata nyumba za kutosha mtaa hadi mtaa, hiyo ndiyo raundi yako, ni kama duka. Baba Zuhura alikuwa na nyumba zake nyingi, na wengine walimwachia pesa yake chini ya chungu cha maua bila hata kuonana naye.

Na alikuwa fundi kwelikweli. Akishaloweka kioo, alikuwa akivuta kile kifutio kwa mkupuo mmoja, kinakwenda kikirudi kama nyoka, mpaka chini, bila kuacha hata mstari. Nilikuwa nikimtazama naona fahari. Mimi naogopa hata kupanda kwenye kiti kubadilisha taa.

Siku ya ngazi

Novemba 2016 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Simu ikaita. Ngazi ilikuwa imesimamishwa juu ya sakafu ya mbao uani kwa mteja, mvua imenyesha, mbao zimeota ukijani. Alipofika juu, miguu ya ngazi ikateleza kurudi nyuma. Alianguka juu ya maua, na hilo ndilo lililomwokoa. Alivunjika kifundo cha mkono.

Wiki saba hakufanya kazi. Aliyejiajiri mwenyewe hana mwajiri wa kumlipa akiumwa. Nilichukua zamu za ziada, Zuhura tukamsimamisha masomo yake ya kuogelea, na pesa ya kiwanja chetu cha Kibaha ikaanza kumegwa kidogo kidogo. Mkono ulipopona, mwenzangu akaifunga ile ngazi juu ya gari kama vile hakuna kilichotokea.

Nikamwambia, "Baba Zuhura, wenzako wanaosha wakiwa wamesimama chini. Huoni?"

Akajibu, "Wale si waosha madirisha. Wale wanamwagilia maua."

Alichokuwa akikibeza ni hiki: fimbo ndefu ya kuvutika, kipande ndani ya kipande, na juu kabisa pana brashi. Mpira mwembamba wa maji unapita mpaka kwenye brashi, pampu inasukuma maji, wewe uko chini unasugua na kusuuza dirisha la ghorofani. Ukimaliza hufuti. Unaondoka, kioo kinakauka chenyewe. Mimi mtoto wa Tanga nilipoiona mara ya kwanza nilisema huu si upondo wa mtumbwi? Na nyumbani kwetu jina hilo limebaki mpaka leo.

Sheria ya Uingereza haijakataza ngazi. Ila kanuni za kazi za mahali pa juu za mwaka 2005 zinakutaka kwanza ujiulize: je, kazi hii haiwezi kufanyika bila kupanda? Nilimsomea. Akaongeza sauti ya televisheni.

Zamu yangu ya upatu

Februari 2017 ikafika zamu yangu ya upatu tunaocheza kina mama wa hapa. Pauni 900. Sikumwambia mtu. Nikaagiza upondo, brashi, kitoroli chenye pampu na betri, madumu ya lita 25, na mtungi wa kusafishia maji. Nikaviweka sebuleni nikamsubiri, nikidhani atanikumbatia.

Aliingia, akavitazama. Akauliza, "Nani kakutuma?" Nikaanza kueleza, akasema, "Yaani wewe umekaa ukaamua mimi sijui kazi yangu."

Hapo nikakosea kosa la pili. Nikamjibu, "Mpanda ngazi hushuka, Baba Zuhura. Wewe ulishushwa na Mungu, hukushuka mwenyewe." Ni methali ya kila siku, lakini nilimchoma nayo kama kisu. Usiku ule alilala chumba cha Zuhura, na Zuhura akaja kulala kwangu akiniuliza maswali.

Vile vifaa vikakaa wiki tatu vikipigwa vumbi. Hatimaye akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kukuonyesha ulivyo mjinga, "Haya, twende. Maji utayarishe wewe, ndiye mtaalamu."

Tukaenda kwa mama mmoja mzee, mteja wake wa tangu mwanzo. Tukaosha nyumba nzima kwa nusu saa. Jioni yule mama akapiga simu. Madirisha yote yana vidoadoa vyeupe. Na wa pili akapiga, na wa tatu. Kati ya nyumba nane tulizoosha siku ile, wawili wakasema asante, tusirudi tena.

Mume wangu hakunifokea, na hilo liliniumiza zaidi.

Nilichosahau ni maji ya bibi

Siku nilipokuwa nimekaa jikoni nakwangua ukoko mweupe kwenye birika la umeme, nikashtuka. Maji ya Reading yana chokaa nyingi, yanatoka kwenye miamba ya chokaa. Wewe uliyekulia Dar au Tanga ukitumia maji ya kisima, unayajua maji ya chumvi: ukiosha glasi ukaiacha ikauke, inabaki na madoa meupe. Bibi yangu hakuwa anaosha glasi za Idi kwa maji ya kisima hata siku moja. Alikinga ya mvua. Glasi zikikauka zilikuwa zinang'aa bila kufutwa.

Siri ya upondo wote ni hiyo. Kinachoacha doa ni yale madini yanayobaki maji yakishakauka. Muosha madirisha wa zamani anafuta maji yote kabla hayajakauka, ndiyo maana anahitaji kupanda kukifikia kioo. Wa upondo hafuti, kwa hiyo maji yake lazima yasiwe na kitu ndani. Hata sabuni haitiwi, maana nayo huacha utando. Kuna kifaa kidogo unachochovya ndani ya maji kinakuonyesha tarakimu. Inatakiwa isome sifuri, au karibu sana na sifuri. Maji ya bombani kwetu yanasoma zaidi ya 300.

Mimi nilinunua mtungi wa rezini peke yake kwa sababu ulikuwa rahisi. Rezini ni punje ndogo kama uwele zinazonasa madini. Lakini kwa maji magumu kama yetu zinajaa upesi. Asubuhi ile kifaa kilisoma 60, nikajiambia si haba, kutoka 300 mpaka 60! Kumbe hiyo 60 ndiyo iliyokauka kwenye vioo vya watu.

Kilichotakiwa ni mtambo wa kuchuja kwanza: maji yanapita kwenye mkaa, halafu yanasukumwa kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba sana unaozuia sehemu kubwa ya madini. Rezini inamalizia kilichobaki, na hapo inadumu. Kila muosha madirisha wa mji huu analijua hilo. Mume wangu alikuwa anafahamiana nao wasiopungua kumi. Angemuuliza mmoja tu. Lakini angeulizaje kitu asichojua kwamba kinanunuliwa?

Nikampigia simu somo yangu Tanga. Nikamwaga yote. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, hata dawa, mgonjwa huulizwa atainywa kwa maji au kwa uji. Wewe umemkaba mdomo."

Alichokuwa anakificha

Nilimwomba radhi Baba Zuhura usiku ule. Si kwa upondo, maana kwa upondo naamini nilikuwa na haki. Nilimwomba radhi kwa kununua kimya kimya, na kwa ile methali.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mama Zuhura, baba alikwea minazi mpaka ana miaka sitini. Huku hakuna anayenijua. Nikiwa juu ya ngazi ndiyo najikumbuka mimi mtoto wa nani. Sasa wewe unanishusha kwa risiti."

Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na tangu nianguke naogopa. Nikifika juu magoti yananitetemeka. Nilikuwa sijui nikuambie vipi."

Miezi mitatu nilikuwa nalala na mtu anayeogopa kwenda kazini kila asubuhi, na mimi nilichokiona ni ubishi tu.

Mtambo wa kuchuja tuliununua pamoja, baada ya yeye kuwauliza wenzake. Ukaenda kwenye banda la gari, unachuja polepole usiku kucha, tukiamka madumu yamejaa. Unapoteza maji mengi kuliko unayodhani: kwa kila lita safi, lita nyingine au zaidi inakwenda na uchafu wake. Tunayaokoa kiasi kwa kusafishia uani.

Na jambo ambalo hakuna aliyelipanga: mimi niliyeogopa kiti niliweza kushika upondo. Miguu yangu ilikuwa chini! Nikapunguza zamu za nyumba ya wazee, nikaanza kutoka naye siku tatu kwa wiki. Yeye ndiye aliyenifundisha, na hapo niliona ufundi wake haukupotea. Alinionyesha kwamba uchafu mwingi hujificha ukingo wa juu wa fremu. Ukiugusa bila kuusuuza vizuri, unatiririka juu ya kioo ukishaondoka, kwa hiyo nyumba unayoiosha kwa upondo mara ya kwanza iwe mara mbili. Alinikataza kuinua upondo karibu na nyaya za umeme, kwa sababu kaboni inapitisha umeme. Madirisha ya ndani na vioo vya maduka bado ni vyake kwa kifutio, mkupuo mmoja kama nyoka.

Sitaki nikudanganye kwamba ni raha tupu. Shingo inauma kwa kutazama juu. Dumu moja la lita 25 ni kilo 25, na siku nzuri tunabeba manane. Baridi ikizidi, maji yanaganda ndani ya mpira. Wapo wateja ambao mpaka leo hawaamini dirisha lililoachwa na maji linaweza kuwa safi, na hatubishani nao. Lakini zamani alifanya nyumba 12 kwa siku akirudi hoi. Sisi wawili tunafanya 20, tunarudi kabla ya magharibi, na hakuna anayesubiri simu kwa moyo kudunda.

Wale wateja wawili tulioachana nao, yule mama mzee alirudi. Mwingine hakurudi.

Kwako unayesoma

Inawezekana kwako si upondo. Ni cherehani ya umeme badala ya ya miguu, ni bodaboda badala ya baiskeli, ni gesi badala ya mkaa. Unaona kabisa mwenzako anaumia na kifaa bora kipo. Kuwa na haki hakutoshi, dada yangu. Kabla hujalipa, muulize anaogopa nini kukiacha alicho nacho, kisha unyamaze umsikilize. Nawe kaka, kama magoti yanatetemeka, sema. Hakuna mke atakayekucheka kwa kutaka kurudi nyumbani mzima.

Sisi tumejiwekea sheria moja: kitu chochote cha zaidi ya pauni 50 kinajadiliwa mezani. Pesa ya upatu tunaihesabu wote. Ngazi bado ipo, inaning'inia ukutani kwenye banda la gari, haikuuzwa na sitaki iuzwe. Na kila asubuhi, kabla hatujapakia madumu, Baba Zuhura hunikabidhi kile kifaa cha kupimia. "Soma wewe," ananiambia, "ndiye mtaalamu." Siku hizi anasema akicheka. Tarakimu ikizidi sifuri, hatutoki.