Punje ya Ngano Mkononi mwa Mtoto

Sisi tunaofundisha kipindi cha dini tumezoea kulalamika kwamba zana hazipatikani. Picha za ukutani ni ghali, vitabu havitoshi, na katekista mwenye vigango vitatu aghalabu hana hata baiskeli. Malalamiko hayo ni ya kweli, nasi tumeyatoa mara nyingi. Hata hivyo, twataka kueleza hapa habari ya zana tuliyoipata bila gharama, tukaitumia kwa furaha, kisha ikatushinda.

Tulianza kazi katika nyanda za juu za Mbulu, kwa watoto wa Kiiraqw, tukifuata njia tuliyolelewa nayo wenyewe. Mwalimu huuliza swali la katekisimu, watoto hujibu kwa sauti moja, na anayekosea hurudia. Watoto wetu walijibu vizuri mno. Siku moja tulimwomba binti wa darasa la tatu, aliyekuwa hodari kuliko wenzake wote, atueleze kwa Kiiraqw maana ya jibu alilokwisha kutoa kwa Kiswahili. Alitutazama, kisha akainamisha kichwa. Alikuwa ameyabeba maneno yetu kama mtu abebavyo mzigo uliofungwa, asijue kilichomo.

Jambo hilo lilitusumbua, hasa kwa kuwa watoto wale hawakuwa wageni wa sala. Wairaqw wana slufay, sala ndefu ya baraka ambayo mzee huitoa mbele ya watu nao huitikia pamoja. Mtoto aliyezoea kukaa karibu na wazee hujua mahali pa kuitikia kabla hajajua kusoma. Hatukuthubutu kuihamishia slufay kanisani. Ina mahali pake na ina wenyewe. Tulijifunza mwendo wake tu. Mtoto mmoja alisimama akaombea jambo aliloliona wiki ile, ndama aliyepotea au mama aliyelazwa, na wenzake wakamwitikia kwa lugha yao. Yule binti aliomba kwa muda mrefu kuliko wote, hata ikabidi tumkatize.

Si kwamba tulikuwa tumegundua jambo jipya. Mwongozo wa Misa pamoja na watoto, uliotolewa Roma tarehe 1 Novemba 1973, wataka watoto wengi iwezekanavyo wapewe kazi: kutayarisha mahali na altare, kuimba, kusoma, kupeleka vipaji. Waonya pia kwamba matendo ya nje yasiyousaidia moyo kushiriki hayana faida, na hata yaweza kudhuru. Nasi walimu wa nchi hii tulikwisha kuambiwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba elimu ya vitabu peke yake humtenga mtoto na jamii yake. Tuliyasoma yote hayo chuoni na kuyajibia mitihani.

Baadaye tulihamia wilaya ya Hanang, kwenye kigango kimoja cha uwanda wa Basotu, na hapo ndipo tulipoipata ile zana. Ngano hustawi sana huko. Tukaandaa azimio la kazi tulilojivunia: mwanzoni mwa masika, wakati wa Kwaresima, watoto wapande ngano katika kitalu kando ya kanisa, waipalilie, waivune mwezi wa Agosti, waisage kwa jiwe na kuoka mkate usiotiwa chachu. Hivyo wangeuelewa mfano wa punje inayoanguka ardhini na kufa, na wangejua kwamba hostia waionayo altareni hutoka katika mmea waujuao.

Siku ya kupanda, kila mtoto alipewa punje kumi. Tulieleza mfano wa punje ile, wakasikiliza, wakainama kupanda. Mvulana mmoja wa Kibarabaig hakuinama. Alizishika punje zake mkononi akasema, bila hasira yoyote, “Mwalimu, babu wa babu yangu yuko chini ya ngano.”

Hatukumwelewa. Tulimjibu kwamba ngano ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, tukaendelea na somo. Hilo ndilo jibu tunalolijutia hadi leo. Jumapili mbili zilizofuata hakuonekana.

Tulikwenda nyumbani kwao tukampata babu yake, naye ndiye aliyetupa somo letu. Tangu mwisho wa miaka ya 1960, NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha katika nyanda hizi mashamba makubwa saba ya ngano, karibu eka 100,000 kwa jumla. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tena malisho mazuri kuliko yote. Humo mlikuwa na bung'eda, makaburi ya wazee waheshimiwa yaliyojengwa kama vichuguu, na mengine yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikapata ushindi Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Mzee alitueleza hayo akituita “mwalimu” kwa heshima kila mara, na kila mara neno hilo lilituchoma. Tulikuwa tumeishi pale miaka miwili, na habari hizo tulizijua nusunusu kama habari za siasa. Hatukuwaza hata kidogo kwamba zinahusu kipindi cha dini.

Tulifikiri kuing'oa ngano ile. Katekista alikataa. Alisema kwamba watoto wengine wazazi wao huila na kuiuza, nao hawana kosa. Badala yake tulimwomba mvulana, kwa ruhusa ya babu yake, awasimulie wenzake. Alisimulia kwa Kiswahili cha shida, huku akichora ardhini kwa kijiti: hapa maji, hapa ng'ombe walipita, hapa kaburi. Watoto waliuliza maswali ambayo sisi tusingethubutu kuuliza. Mmoja alitaka kujua kama Mungu huwasikia wafu walio chini ya shamba la mtu mwingine. Tulisema kwamba huwasikia. Somo la siku ile halikuwamo katika azimio letu la kazi, na mkaguzi angeshangaa kuona ubao mtupu.

Agosti tukavuna debe moja na nusu. Watoto walisaga, wakakanda unga kwa maji peke yake, wakaoka. Mkate uliungua upande mmoja. Tulipoeleza kwamba hata hostia ni ngano na maji tu, mtoto mmoja alisema kwamba sasa ameelewa kwa nini haina ladha, na katekista akalazimika kutazama pembeni.

Jumapili ambayo padre alifika kusoma Misa, watoto walichagua wenyewe wa kupeleka vipaji. Mvulana wa Kibarabaig alichaguliwa, lakini hakutaka kubeba kikapu cha ngano. Alikuja na kibuyu cha maziwa. Wazee wa kigango walinong'ona, mmoja akauliza kama maziwa yanaruhusiwa. Padre alijibu kwamba kipaji kwa ajili ya maskini chaweza kuletwa katika maandamano, kikawekwa mahali pafaapo, mbali na meza ya altare. Kibuyu kikawekwa chini, kando ya kikapu.

Baada ya Misa, watoto waliyapeleka maziwa kwa bibi mmoja mgonjwa jirani na kanisa. Babu yake mvulana alikuwa amesimama nje, chini ya mti, tangu mwanzo wa ibada. Tulimkaribisha ndani. Akasema siku nyingine. Leo amekuja kuona kibuyu chake kitawekwa wapi.