Kizingiti cha Sauti

Noizi geti ni kijisanduku kiwekwacho baina ya gitaa la umeme na amplifaya. Kazi yake ni ya bawabu: sauti ikivuka kizingiti, mlango hufunguka, ikishuka, hufungwa, na mvumo wa umeme hukatika. Wala hakiusafishi mvumo. Noti ipigwapo nao hupita, ila sikio hauusikii vema.

Mjini Singida, ambako upepo hauchoki kuyapiga majabali, nilimsikiliza mzee mmoja aliyelishika gitaa tangu enzi za bendi za dansi. Vijana wa kwaya walikipandisha kizingiti mno, maana umeme wa jenereta ulinguruma hata spikani. Vidole vyake vimedhoofika; noti za kunong'ona zikakatwa mikia, nyingine hazikutoka kabisa. Wakadhani ameusahau wimbo! Nami mfasiri nazijua silabi za mwisho zikatwazo na wahariri wakiziita kelele.

Niliwaomba wakishushe, na kile kitufe cha kuchelewesha mlango kufungwa wakizungushe kidogo. Mvumo ukarudi, na noti nazo. Kijana mmoja akanung'unika kwamba gitaa sasa lavuma kama mzinga wa nyuki wa Itigi. Mzee alikuwa keshaingia ubeti wa pili.