Muziki wa nyumbani Ariwara, kutoka redio ya betri hadi spika ya sola

Ariwara ni mji wa soko katika teritwari ya Aru, jimboni Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu na mipaka ya Uganda na Sudan Kusini. Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipoanguka mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile, eneo la Uganda alikotoka, walikimbilia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, na biashara ya mpakani ikapanuka. Bidhaa nyingi zilipitia Arua, mji wa upande wa Uganda. Umeme wa taifa haukufika, kwa hiyo aliyenunua chombo cha muziki aliuliza kwanza kinakula betri ngapi. Ukubwa wa sauti ulifuata baadaye.

Redio-kaseti ilikula sana. Betri sita kubwa za volti 1.5 zilitoa volti 9, na mota ya kuzungusha kanda ilizimaliza mapema kuliko redio yenyewe. Ndiyo maana watu walirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic. Betri zilizochoka zilianikwa juani: joto liliamsha kemikali zilizobaki, redio ikaimba kidogo tena. Franco, nyota wa rumba ya Kongo, alipofariki Oktoba 1989, nyimbo zake zilikuwa bado zinasikilizwa hivyo katika nyumba nyingi za mashariki ya Kongo. Vita vya Ituri vilipoanza mwaka 1999, redio ilihitajika zaidi kwa habari, na kuanzia Februari 2002 Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, iliwapa wasikilizaji matangazo kwa Kiswahili na Lingala.

Hatua iliyofuata ilikuwa betri ya gari. Volti zake 12 ziliendesha redio ya gari iliyofungwa ndani ya sanduku la mbao pamoja na spika mbili, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kuliko ya redio-kaseti nyingi. Betri ikiisha ilipelekwa kuchajiwa penye jenereta. Baadaye paneli za sola zilipunguza safari hizo.

Kisha zikaja sabufa za bei nafuu, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa. Boksi huandikwa maelfu ya wati, lakini chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi ile inayoingia. Nambari ya kuaminika ni ile ndogo iliyo mgongoni, karibu na waya wa umeme. Ikisema wati 40, basi sauti inatoka ndani ya hizo 40, na sehemu yake inapotea kama joto. Inafaa pia kuuliza kama sabufa inakubali volti 12 moja kwa moja, kwani inveta ya kupandisha hadi volti 220 nayo hula umeme, hata muziki ukiwa chini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 60 inahifadhi wati-saa 720, lakini ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara huharibika mapema. Zinabaki 360: saa tisa za chombo kinachokula wati 40 mfululizo, au saa 36 za kinachokula 10. Kwa familia yenye betri moja, inayotaka pia taa na kuchaji simu, chombo kidogo ndicho bora.

Spika za Bluetooth zenye betri ya lithiamu na nafasi ya kadi ya kumbukumbu zimekamilisha mabadiliko hayo. Amplifaya zake za kisasa hupoteza umeme kidogo sana, na mota ya kanda haipo tena. Besi yake ni hafifu, lakini spika ikiwekwa kwenye kona ya ukuta besi huongezeka bila kugharimu umeme.

Chombo cha namna hiyo ndicho kinachomfaa pia anayelala ndani ya mashua, kwa mfano kwenye Ziwa Albert, kusini-mashariki mwa Ariwara. Humo umeme mara nyingi ni volti 12 zilezile, nafasi ni finyu na unyevu haukomi. Spika iliyozibwa isiingiwe na maji, iliyofungwa imara mbali na dira, maana sumaku yake huipotosha, inashinda sabufa kubwa.