Maji ya Ziwa Edward si ya buluu

Leo sileti habari za vikao wala za barabara. Ninaleta habari ya maji ya uongo, yasiyonyweka, yanayokaa juu ya kipande cha ubao kisichozidi kiganja.

Wengi mnajua kwamba nje ya radio nina kazi nyingine ya mikono. Ninapaka rangi sanamu ndogo, urefu wake kama kidole gumba. Binamu yangu aliye Liège, Ubelgiji, ndiye aliyenianzisha. Kule Ulaya watu wazima kabisa, wenye kazi na watoto, wanapanga askari wa plastiki mezani na kupiganisha majeshi kwa kurusha dadu. Mchezo wao unaojulikana zaidi, Warhammer, ulitoka Uingereza mwaka 1983. Mimi vita vya mezani havinivuti. Hapa kwetu tumeshiba vya kweli. Kilichonivuta ni vitako vya zile sanamu. Wenzetu wanatengeneza juu yake mto, bwawa, hata wimbi linalovunjika, na ukiangalia unataka kuchovya kidole.

Jirani yangu hapa Butembo ni mvuvi wa Vitshumbi. Alipanda huku milimani na mke na watoto wanne wakati vita vilipofika kwao, akaacha mtumbwi na nyavu. Mtoto wa mwisho alikuja mgongoni mwa mama. Sasa anasema sana, na ziwa kwake ni neno tu. Siku moja alimwuliza baba yake kama ziwa ni kubwa kupita bwawa la samaki la parokia. Baba alicheka, lakini jioni alikuja kwangu.

“Muandishi, ile maji unayofanyaga, unaweza kunifanyia ya kwetu?”

Nilimwambia inawezekana, nikachukua kikopo cha rangi ya buluu. Alinishika mkono. “Hapana. Nani alikwambia ni buluu?”

Na ana haki. Ziwa Edward lina kilomita za mraba karibu 2,300, sehemu kubwa ikiwa ndani ya Kongo na nyingine Uganda, na maji yake ni ya kijani kizito, kwa sababu ya mwani mdogo sana unaoishi ndani yake. Karibu na ufuko, pale viboko wanapotifua matope, yanaelekea kahawia. Buluu ni ya mbali, na ni ya mbingu inayojitazama. Tulichanganya rangi mara nyingi mpaka akasema, “Hapo. Hapo nasikia harufu yake.”

Kwa wanaotaka kujaribu, siri ya kwanza ni kwamba kina cha maji hakitokani na kile unachomimina. Kinatokana na rangi ya chini. Katikati paka giza, kuelekea ufuko ongeza mwanga kidogo kidogo rangi ikiwa bado mbichi, ili mpaka usionekane. Ufuko tuliujenga kwa unga wa mbao na gundi nyeupe ya seremala, juu yake mchanga uliochekechwa. Kisha paka verni mara mbili ubao mzima, maana rezini hutafuta tundu dogo kuliko mwizi, na zungushia ukingo wa skochi.

Rezini ni dawa mbili zinazochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Pima kwa bomba la sindano, usikisie. Koroga polepole, ukikoroga kama uji wa sherehe utajaza mapovu. Mimina tabaka jembamba, milimita 3 hivi, liache likauke, ndipo umimine jingine. Tabaka nene linachemka lenyewe na kupasuka. Vaa glavu, fungua mlango, watoto wakae mbali. Funika kwa beseni, kwa kuwa vumbi letu la Butembo halina adabu.

Asiye na rezini (na bei yake si mchezo) atumie ileile gundi nyeupe, tabaka nyembamba sana, siku baada ya siku, na verni inayong'aa mwishoni. Itapendeza kwa dimbwi. Kwa ziwa haitoshi, ikiwa nene inabaki na ukungu. Mawimbi yanafanywa kwa karatasi ya chooni iliyolowa gundi, unaikunja kwa ncha ya kijiti, ikikauka unaipaka rangi na verni. Povu jeupe liguse migongo ya mawimbi tu. Hapo mvuvi alinisimamia kweli: mawimbi yote yatoke upande mmoja, kwa sababu upepo hauji kutoka pande nne.

Mtumbwi alichonga mwenyewe, na kisu cha jikoni. Nilikuwa na sanamu moja ambayo ingefaa kukaa ndani, nikaipaka shati jekundu. Mama watoto aliiona, akanyamaza, akaingia ndani. Kaka yake mdogo aliingia ziwani usiku ule wa kukimbia, na mpaka leo hawana habari yake. Nikaitoa sanamu. Lakini mume naye akakataa: mtumbwi mtupu katikati ya maji, kwa mvuvi, ni habari mbaya kuliko zote.

Kwa siku tatu kile kitako kilikaa bila mtumbwi. Mama ndiye aliyekuja na jibu. Alisema uvutwe ufukweni, nusu mchangani, ufungwe kamba kwenye mti, kama watu wamekwisha kurudi na wamepeleka samaki nyumbani. Nikaongeza marabu wawili wa waya na karatasi, wale ndege wanaosubiri matumbo ya samaki. Mtoto aliuliza watu wenyewe wako wapi. Mama akamjibu, “Wanakula.”

Rezini iliyobaki inatosha kitako kimoja. Mvuvi amechagua Ishango, pale Semliki unapotoka ziwani kwenda Ziwa Albert. Maji ya pale yanakwenda, kwa hiyo mistari ya mawimbi itabidi ifuate mkondo, na anasema lazima kuwe na viboko. Kichwa cha kwanza amekwisha kukichonga.