Waya Usiotumika Haujafa

Nyuma ya msikiti wetu lipo banda la matofali lililojengwa kwa ajili ya madrasa. Tangu watoto wahamie darasa jipya, banda hilo limekuwa ghala la mikeka na majamvi chakavu. Taa yake haiwashwi tena, lakini nyaya zitokazo jengo kuu zilibaki zikining'inia juu ya uwanja ambao watoto huchezea baada ya alasiri.

Jambo hili lilipoletwa katika kikao cha kamati, mmoja wa wazee wetu hakuona haja ya gharama, kwa kuwa swichi ya bandani ilikwishazimwa miaka mingi. Vijana nao walijitolea kuzikata nyaya kwa plaizi na kuzifunga ncha kwa tepu. Wote walisema kwa nia njema, ila umeme hautazami nia. Swichi ya taa hukata njia iendayo kwenye taa tu. Waya unaoifikia swichi hiyo hubaki na volti 230 usiku na mchana. Jua na mvua hulidhoofisha gamba la waya, na waya uliochunika ukigusa bati, paa zima laweza kushika umeme.

Tukamwita fundi umeme mwenye leseni. Aliizima breka iliyosemwa kuwa ni ya banda, akaijaribu testa yake kwenye soketi ya msikitini yenye umeme ili ahakikishe kuwa ni nzima, ndipo akazipima nyaya za banda. Waya wa taa haukuwa na kitu. Wa soketi uliwasha testa. Kumbe banda lililishwa na breka mbili! Hakuna miongoni mwetu aliyelijua hilo, na plaizi ya vijana wetu ndiyo ingekuwa ya kwanza kulijua.

Fundi akazima swichi kuu, akapima tena, kisha akazifungua nyaya pale zinapoanzia, ndani ya boksi la breka: wa moto, wa nyutro na wa ardhini. Akazifuata hadi bandani, akaziondoa zote, akaliziba tundu la ukutani, na kuandika kwenye boksi kwamba breka hiyo ya pili haina kazi tena.

Tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, na udhia si mwiba na jiwe pekee. Katika nyumba nyingi lipo jiko la nje lililoachwa, banda la kuku lisilo na kuku, au choo cha zamani chenye taa isiyowaka. Tusizikate nyaya zake kwa mikono yetu, wala tusiwaachie watoto wazianikie nguo. Tumwite fundi, naye aanzie kwenye chanzo. Yule mzee wetu aliyepinga gharama ndiye aliyetoa nusu ya ujira wa fundi.