Kutoka Kitamba hadi Kiremba

Nyanya yangu, tuliyemwita Dani, hakuwa na kilemba. Alikuwa na kitamba. Ndivyo alivyokiita kwa Dholuo, kitambaa cha Kiswahili kilichokatika mkia njiani. Kilikuwa cha pamba, maua yake yamefifia. Alikifunga kisogoni kabla ya mapambazuko, akashika njia ya ufuo wa Ogal kungojea omena, wale dagaa. Kwenye ncha moja alipiga fundo dogo la sarafu za nauli, akaichomeka ndani. Ukimkumbatia ulinusa moshi na samaki. Mbele ya wageni sikuwahi kuziona nywele zake.

Neno kilemba nililipata shuleni, na huko lilikuwa la wanaume: kitambaa kirefu cha kuzungushia kichwa. Tena lilikuwa zawadi apewayo fundi na mwanagenzi wake akihitimu. Kilemba cha ukoka, yaani sifa za uongo, tulikikariri kwa ajili ya mtihani. Siku moja niliandika kwenye insha kwamba mama alivaa kiremba kanisani. Mwalimu akaizungushia r yangu wino mwekundu, alama ikaenda. Iliniuma, kwa sababu niliandika nilivyosikia.

Huku kwetu ile r ilikuwa imeshaota mizizi. Pale njiapanda ya Kisian, barabara ya Bondo inapoachana na ya Busia, fundi cherehani akimaliza gauni la kitenge alikunja kipande kilichobaki, akakiweka juu: "Na hiki cha kiremba, mama." Kisha zikaja filamu za Nigeria, na zile gele, viremba vyao vilivyosimama kama tanga la mashua. Fundo likatoka kisogoni, likahamia juu ya paji la uso.

Najua wapo watakaosema r hiyo ni ulimi tu kuteleza. Mimi naamini wanawake walisikia kuremba ndani ya neno hilo, wakaling'ang'ania. Kitamba kilikuwa cha kusitiri, cha kazi, cha matanga. Kiremba mtu hukivaa apendeze, na hamwombi mtu radhi.

Mwaka jana nilinunua kilichoshonwa tayari, pale pale njiapanda: bitana ngumu, ua la kitenge ubavuni, unakivaa kama kofia. Binti yangu alinizunguka akinisifu. Ndani ya matatu ya kwenda Kibuye nilikivua, nikakigeuza mara mbili nikitafuta ncha. Hakina. Makanga nilimlipa kwa simu.